"Yeye" ni Neno la Wote

Mtoto wa Kasongo au Kabambare arudipo kutoka shule huenda akauliza: "Baba, Kifaransa husema «il» kwa mwanamume na «elle» kwa mwanamke, mbona sisi twasema «yeye» tu?" Usimkaripie. Mjibu: Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, wote wawili kwa mfano wake, neno letu lamtaja kwanza mtu mwenye roho. Basi, mvulana apendaye kutwanga sombe pamoja na dada zake, au asemaye kwamba hajioni kuwa mvulana, asichekwe wala asipigwe. Msikilize kwanza, ndipo umfundishe kwa upole. Mtoto aliyeaibishwa nyumbani huuficha moyo wake. Nawe usiyeujua moyo huo utamwongozaje kwa Mungu?