Mas'ala ya Kadi ya Mkopo na Zawadi Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Zamani boriti za Delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini mpaka Arabuni. Leo mfanyi biashara wa Kibiti aendaye Dubai huuliza: kadi ipi ya mkopo ina zawadi nyingi na makato machache ng'ambo? Lililo la kwanza kuulizwa ni sharti aliyoitia sahihi.

Akisema, "Nitalipa kabla ya muhula, riba hainipati," ametazama mfuko wake, hakutazama ahadi yake. Kwani amekwisha kubali kuwa akichelewa ataongezewa deni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, lilikataza kadi ya mkopo yenye sharti hiyo, hata kwa aliyeazimia kulipa mapema.

Zawadi yenyewe siyo riba, maana mkopeshaji ndiye atoaye; riba ni nyongeza aichukuayo. Lakini zawadi haifuti sharti, na wavuvi wa delta wajua kazi ya chambo.

Basi na atwae kadi itoayo katika mali yake mwenyewe iliyoko benki. Makato ya huduma atalipa, na zawadi huenda asipate. Lakini atarudi kwake hana ahadi ya riba shingoni. Wallahu aalam.