Mgeni wa Siku ya Tatu

Je, inafaa kuupenda mji uliojengwa kwa mali ya watu walioporwa? Swali hili nimeishi nalo tangu nihamie Lisbon kusoma. Limenijia kwa miguu zaidi kuliko vitabuni, kwa sababu Lisbon ni mji wa vilima, na asiye na gari hupanda na kushuka kutwa. Kila ukifika juu unauona mto Tejo umetandaza maji yake mapana kuelekea Atlantiki, mapaa mekundu yameshuka hadi gatini, na mwanga wa jua umelala juu ya vyote hivyo kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Kuta zimevikwa vigae vya buluu na nyeupe. Njia za waendao kwa miguu zimepangwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, kimoja kimoja, kwa mkono. Ni mji mzuri. Naliandika hili mwanzoni ili lisije likasahaulika huko mbele.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu msemo huu tunautumia kumsema mtu aliyezidisha ukaaji. Mimi nausikia na kwa maana nyingine. Mgeni ana haki ya kula bila kuuliza chakula kimetoka shamba la nani. Akishika jembe haki hiyo inakwisha, kwa sababu atauona mpaka wa shamba, atasikia ugomvi wa mpaka huo, na atajua nani alinyang'anywa nini. Mtalii wa siku mbili anapanda tramu ya manjano namba 28, anakula kikeki cha mayai na maziwa chenye moto wake, anapiga picha Mnara wa Belém, anaondoka. Sina ugomvi naye. Lakini mimi siku ya tatu nimeipita zamani. Nalipa kodi ya chumba, najua bei ya mchele, nimekwisha kuwa na fundi viatu wangu. Basi jembe langu ni lipi?

Tuanzie Belém, pale mtoni ambapo merikebu zilikuwa zikitweka. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na gharama yake kubwa ililipwa kwa ushuru wa takriban asilimia tano uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na ya Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kamba, matumbawe na majani ya nchi za mbali, utadhani jiwe limelowa bahari. Ndani, karibu na mlango, amelazwa Vasco da Gama katika kaburi la mawe. Mtu aliyekulia pwani yetu hawezi kupita pale kama anayepita kaburi lolote. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nikienda dukani nasikia watu wakisema mesa, nami kwetu nina meza, wanasema bandeira, nami nina bendera, lenço, leso, copo, kopo. Neno lao la kanisa, igreja, kwetu limekuwa gereza. Sijui historia fupi ya ukoloni iliyo fupi kuliko neno hilo moja.

Kitu chenyewe kilichonipa swali hili kwa uzito wake wote hakiko Belém tena. Kiko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi Takatifu. Ni cha dhahabu, kimepambwa kwa rangi za kioo, na mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na sura yake. Fundi anayetajwa kuwa alikitengeneza ni sonara Gil Vicente. Wareno wanakihesabu miongoni mwa hazina zao kubwa kabisa, na hawakosei. Kwenye kitako chake kumezungushwa maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa hii ni Kilwa yetu. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya kisiwa, akatishia kuupiga mji mizinga, na akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kukubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Alirudi Lisbon mwaka 1503 na dhahabu hiyo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa la merikebu. Amiri Ibrahim alikimbia, mji ukaporwa, na ngome ikajengwa. Kwa hiyo, wakati sonara alipokuwa akinakshi ndevu za mitume, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvamiwa. Ibn Battuta, aliyeutembelea mwaka 1331, alikuwa ameusifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote.

Sasa, watu wa rika langu tukizungumzia historia ya namna hii, dai letu la kwanza huwa ni moja: itajwe. Nalo ni dai la haki. Hapa Lisbon kuna mtaa uitwao Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel huyo huyo aliandika barua akiamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zikiachwa wazi na kuliwa na mbwa. Wanahistoria wengi wanalihusisha jina la mtaa na shimo hilo. Leo kuna mikahawa pale, na unaweza kunywa kahawa yako mwaka mzima usiambiwe. Kusini, katika mji wa Lagos, ambako mwaka 1444 kundi kubwa la mateka wa Kiafrika lilishushwa na kugawanywa hadharani, mwaka 2009 wachimbaji wa maegesho ya magari walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 katika jaa la zamani. Wakazi wa Lisbon wenye asili ya Afrika walipendekeza mnara wa kumbukumbu ya watumwa, wazo likapata kura za wananchi, na mwaka 2020 ukachaguliwa mchoro wa msanii wa Angola, Kiluanji Kia Henda: shamba la miwa ya chuma, nyeusi, karibu na mto. Miaka ikapita bila miwa hiyo kusimama. Katika mji wenye sanamu za wanamaji kila upande, ukimya wa aina hii unasema jambo.

Lakini monstransi ile inalitatiza dai letu. Yenyewe imetaja. Imetaja kwa herufi za dhahabu, tangu siku ya kwanza, jina la mji na jina la malipo. Hakuna kilichofichwa, na bado hakuna kilichorekebishwa. Mfalme aliitaja Kilwa kama mwindaji anavyoitaja pembe aliyoitundika ukutani. Kumbe kutaja peke yake hakutoshi. Kuna kutaja kwa kujisifu na kuna kutaja kwa kukiri deni, na maneno yanaweza kuwa yale yale, herufi kwa herufi. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya maneno.

Niliwahi kumweleza haya Mreno mmoja ninayesoma naye. Alinisikiliza, kisha akaniuliza: babu yangu alikuwa mkulima asiye na shamba, akapelekwa vitani Guinea na utawala ambao hakuuchagua, akarudi na mguu mbovu. Yeye alikula nini katika dhahabu ya Kilwa? Ni swali zuri, na asiyeweza kulijibu asijifanye anazungumzia haki. Hatia hairithiwi. Mtoto hafungwi kwa wizi wa baba, sembuse kitukuu wa mtu aliyeishi miaka mia tano baada ya wizi.

Deni, hata hivyo, lina tabia nyingine. Kwetu pwani, mtu akifa, kabla warithi hawajagawana chochote, huulizwa kwanza: marehemu alikuwa anadaiwa? Sheria ya mirathi ya Kiislamu inataka deni litoke katika mali aliyoiacha, ndipo kinachobaki kigawanywe. Hakuna anayemtuhumu mrithi. Hatakiwi hata kulipa zaidi ya kilichoachwa. Anaambiwa tu kwamba mali hii, kabla haijawa yako, ilikuwa na mwenye kuidai. Nadhani hapo ndipo penye jibu kwa rafiki yangu. Babu yake hakuiba. Lakini mji mzuri ni tirka iliyogawanywa kabla deni halijaulizwa, na kila anayefaidi tirka hiyo anahusika na swali lake. Yeye anahusika. Na mimi pia, ninayesoma katika maktaba zake na kuota jua lake, nahusika.

Hapo lazima niutazame na upande wetu. Bibi yangu alizaliwa Kilwa Kivinje, na sitaki kuitumia Kilwa kama shahidi asiye na doa. Dhahabu ile haikuchimbwa kisiwani. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na utajiri wa Kilwa ulitokana na kuishika njia hiyo. Ibn Battuta, pamoja na sifa zake, anasimulia pia jinsi sultani alivyokuwa akiwavamia watu wa bara na kurudi na nyara. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia binadamu. Majumba ya mawe tunayoyapiga picha tukiwa na fahari nayo yana tirka yake.

Kuna watu wakifika hapa hupumua kwa raha: basi wote ni wachafu, tuyaache. Siafiki. Mtu anayekudai akiwa naye anadaiwa kwingine, deni lako halifutiki. Deni lake ndilo linaloongezeka katika hesabu. Dawa ya deni ni kulipa, na msemo huo haukuweka kifungu cha kumsamehe mdaiwa kwa sababu jirani naye anadaiwa. Ninachokipata kwa kuitazama Kilwa kwa macho makavu ni unyenyekevu wa kudai bila kujifanya mtakatifu, na kazi ya ziada nyumbani.

Basi kulipa ni kulipaje? Sitaki monstransi iyeyushwe. Dhahabu na mikono ya fundi haviwezi tena kutenganishwa, na sidhani watu wa Kilwa Kisiwani, ambao wengi wao ni Waislamu, wana shauku ya kukabidhiwa chombo cha ibada ya Wakristo. Lakini magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, na bahari haijaacha kuyala. Sehemu ya kila tiketi inayokatwa Janelas Verdes ingeweza kwenda kwenye kuta zile. Mtoto wa shule wa Kilwa angeweza kuiona picha ya chombo hicho katika kitabu chake, na mtoto wa Lisbon akaiona Husuni Kubwa katika chake. Hayo si mambo makubwa. Ni ya mwanzo.

Na sehemu nyingine ya deni inadaiwa na watu walio hai, hapa hapa. Nenda uwanja wa São Domingos alasiri yoyote. Utakuta wazee wa Guinea-Bissau wamekaa wakizungumza, wanawake wakiuza bidhaa za kwao. Hatua chache kutoka hapo kuna jiwe la kumbukumbu, lililowekwa mwaka 2008, la Wayahudi waliouawa mjini humu Aprili 1506, mwaka ule ule monstransi ilipokamilika. Alfajiri, basi la kwanza kutoka vitongojini limejaa wanawake wenye asili ya Cape Verde na Angola wanaokwenda kusafisha ofisi. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliondoa haki ya mtoto aliyezaliwa Ureno na wazazi wageni kuwa raia moja kwa moja. Imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, ila wapo waliokulia hapa, wasiojua nchi nyingine, waliopanga foleni miaka mingi kuomba kuwa watu wa nyumbani kwao. Deni hili halihitaji wanahistoria. Linahitaji karani, muhuri na nia.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inafaa kuupenda. Nimeupenda. Kuuchukia hakumrudishii mtu wa Kilwa hata chembe ya dhahabu, na kungeninyima sababu ya kujali mji huu unafanya nini na urithi wake. Ila ni mapenzi ya mtu mwenye jembe. Ndugu zangu wakija kunitembelea, nawapeleka Janelas Verdes kabla ya Belém, nawasomea yale maandishi na kuwafasiria kwa Kiswahili. Mwaka jana binamu yangu alikizunguka chombo kile mara mbili, akahesabu mitume, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tulimchukulia nani?" Mlinzi alikuwa anafunga ukumbi. Tukaanza kulijadili ngazini, na tulipofika kituo cha tramu tulikuwa bado hatujafika hata Sofala.