Deni Hutangulia Mirathi: Nasaba, Fahari na Magari ya Maksai

Makala haya yanashughulikia swali la kimaadili kwa njia ya uhakiki: je, mtu anayejivunia ushujaa wa wahenga wake anaweza kuikwepa dhima ya yale waliyoyatenda? Ili hoja isielee hewani, tumeteua mfano mmoja. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1840 hadi 1869, reli ya kuvuka bara ilipokamilika huko Utah, mamia ya maelfu ya Wamarekani walihamia magharibi, wengi wao wakitumia magari yaliyokokotwa na maksai. Njia ya Oregon, iliyoanzia Independence, Missouri, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 3,200, na kuimaliza kulihitaji miezi minne hadi sita. Wazao wa wasafiri hao wamezitafuta nasaba zao kwa bidii kubwa, na utafutaji huo umezaa utanzu wake wa masimulizi.

Tunauita utanzu kwa makusudi, kwa kuwa una muundo unaojirudia. Masimulizi huanza na ufukara au kiu ya ardhi, hupitia mito iliyofurika, kipindupindu na makaburi ya njiani, kisha huishia kwenye nyumba ya magogo na mavuno ya kwanza. Aghalabu nguli wake ni baba mwenye gari. Shajara za wanawake, ambazo Lillian Schlissel alizichambua katika kitabu alichokichapisha mwaka 1982, huutikisa muundo huu: humo tunawakuta wanawake waliohesabu makaburi siku baada ya siku, na wengine waliojifungua safarini. Hata hivyo, ni sauti ya baba inayotawala katika kumbukumbu za familia.

Hapa ndipo uhakiki unapogusana na maadili. Nasaba hudhaniwa kuwa ni jambo la damu tupu, lisilo na hiari. Lakini hebu tuhesabu. Kila mtu ana wazazi wawili, babu na nyanya wanne, na akipanda hadi kizazi cha sita atawakuta wahenga 64. Anayesema, "Mimi ni wa uzao wa fulani aliyevuka milima mwaka 1847," amemteua mmoja na kuwanyamazisha 63. Hakujichagulia wazazi, ni kweli, lakini amejichagulia mhenga wa kusimuliwa. Uteuzi huo ni tendo lake mwenyewe, na kila tendo la hiari lina dhima yake.

Uteuzi huo, aidha, hutegemea nyaraka, nazo nyaraka hazikuwatendea watu wote haki. Sensa ya Marekani ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha kwa majina watu wote huru wa kila kaya. Watumwa waliandikwa katika orodha ya pembeni, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Wenyeji asilia waliokuwa wakiishi katika jamii zao hawakuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo mzao wa msafiri mweupe humpata mhenga wake kwa urahisi, ilhali mzao wa mtumwa hukutana na ukuta anapovuka mwaka 1870 kurudi nyuma. Asiye na jina katika nyaraka si kwamba hakuwa na historia. Alinyimwa kalamu.

Kisa cha George Washington Bush kinaidhihirisha hali hii. Bush, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliondoka Missouri kwa msafara wa magari mwaka 1844. Mwaka huohuo serikali ya muda ya Oregon ilitunga sheria ya kuwazuia watu weusi wasikae huko. Yeye na wenzake wakaelekea kaskazini ya mto Columbia, na mwaka 1845 wakafanya makao karibu na Puget Sound. Sheria ya mwaka 1850 iliwapa wanaume weupe wasio na wake ekari 320, na waliooa ekari 640 pamoja na wake zao, Bush hakuwemo. Majirani zake walimwombea, na mwaka 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu ya kumthibitishia shamba lake. Hata hivyo, huyu aliyedhulumiwa naye alilima ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Katika bonde la Willamette, serikali iligawa ardhi ya Wakalapuya kabla haijaidhinisha mkataba wowote nao; mkataba huo uliidhinishwa mwaka 1855, na mwaka uliofuata wakahamishiwa Grand Ronde.

Je, mzao wa leo ana hatia? Tunadiriki kujibu kwamba hana, kwani hatia humwandama mtenda. Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na dhima. Sheria ya Kiislamu ya mirathi, ambayo jamii za pwani yetu zimeizoea kwa karne nyingi, inatupa kipimo kizuri. Mrithi hagawiwi kitu kabla ya madeni ya marehemu kulipwa. Wala halazimiki kulipa zaidi ya kile marehemu alichokiacha. Fahari nayo ni aina ya mirathi. Anayesema, "Ushujaa wao ni wangu," amekwisha kuifungua hesabu, na hawezi kusoma safu ya mapato na kuruka safu ya madeni.

Yamkini mtu atapinga akisema, "Mimi sijivunii lolote, basi sidaiwi." Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama urithi ungekuwa wa hisia pekee. Lakini ekari 640 si hisia. Ardhi iliuzwa, ikarithiwa, ikasomesha watoto. Kuikana nasaba hakurudishi shamba. Wengine watasema kwamba wahenga wale walikuwa maskini na walifuata sheria za zama zao. Ni kweli, na hilo linapunguza lawama yao, halilifuti deni.

Kumbukumbu za Kilwa zinafaa kulinganishwa na masimulizi haya. Wataalamu wengi wa leo huichukulia asili ya Shirazi inayodaiwa humo kuwa ni dai la hadhi zaidi kuliko historia. Hata hivyo, masimulizi hayo yanataja bei: kisiwa kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtawala aliyekimiliki. Yawe ya kweli au ya kubuni, masimulizi hayo yanakiri kwamba mahali hapo palikuwa na mwenyewe, na kwamba mgeni alipaswa kutoa kitu.

Kwa hiyo, kigezo tunachokipendekeza cha kuyahakiki masimulizi ya nasaba ni hiki: je, msimulizi anawaonyesha waliokuwepo gari lilipofika, na anasema walipewa nini? Mzao anayelijibu swali hilo hamvunjii heshima mhenga wake. Anamtendea kama anavyotendewa marehemu anayeheshimiwa, ambaye deni lake huulizwa hadharani kabla hajazikwa.