Asidi Kando ya Mto



Ndugu zangu Waislamu wa Kitui na Makueni, baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, leo nina neno ambalo halisikiki sana mimbarini: betri.

Maji yetu tunayajua yalipo. Mto Tiva ukikauka, Thwake ukikauka, tunashuka na jembe na kata, tunafukua mchanga mpaka maji yajitokeze. Mabwawa ya mchanga tumeyajenga kwa mikono yetu, jiwe juu ya jiwe. Sasa yule anayevunja betri ya gari au ya sola kando ya mto, akamwaga asidi ili abaki na madini ya risasi ya kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, amemmwagia nani? Mvua ya Novemba itasomba kila kitu mpaka mchangani. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye maji ya watu, njiani na kivulini. Na kinyesi huoza kikaisha, risasi haiozi.

Kijana huyo simlaani, anatafuta unga. Lakini hurudi nyumbani na vumbi la risasi kwenye shati, na mtoto humrukia.

Mombasa walishaionja sumu hii. Kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kikaanza 2007, kikafungwa 2014. Watoto walipopimwa damu, risasi ilionekana. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mwanawe akadhurika, alisimama na wanakijiji mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikakatiwa rufaa na kutenguliwa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo. Tena hakuna hakimu awezaye kumrudishia mtoto akili iliyoliwa na risasi.

Mtu ataniambia, "Shekhe, yangu ni moja tu." Na ya jirani je?

Betri ya gari, ya pikipiki au ya sola usiifungue. Irudishe nzima kwa muuzaji. Wako wanaokupunguzia bei ya mpya. Mawe ya tochi usiyatupe chooni wala motoni. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe, hulipuka moto. Izibe ncha zake kwa selotepu, uiweke mbali na watoto. Sheria ya taka ya 2022 imewabebesha jukumu la taka hata wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini, kwa hiyo muulize muuzaji bila haya kama huipokea ya zamani.

Ijumaa ijayo, ukitoka nyumbani kuja kuswali, pekua droo na chini ya kitanda. Mawe yaliyokwisha yalete, pale tunapovulia viatu utakuta ndoo kavu yenye mfuniko. Ikijaa, tutaitafutia gari la kwenda Nairobi, kwa WEEE Centre, wachakataji wa taka za kielektroniki, kule Utawala. Za gari msiniletee msikitini, mpelekeeni muuzaji.