Damu Nyeupe

Je, damu ikibadilishwa rangi, mauaji hupungua uovu? Swali hili limo ndani ya Sin City, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2005 ambayo jina lake twaweza kulifasiri Mji wa Dhambi. Waliiongoza Robert Rodriguez na Frank Miller, na huyo Miller ndiye mchoraji wa hadithi za katuni zilizoizaa. Rodriguez alizifuata picha za mwenziwe karibu picha kwa picha, na chama cha waongozaji wa filamu kilipokataa majina yao yaandikwe pamoja, alijitoa chamani. Mfasiri wa mashairi hawezi kuudharau uaminifu wa namna hiyo.

Walakini uaminifu kwa picha ni jambo moja na uadilifu ni jingine. Filamu ni nyeusi na nyeupe, ni usiku na mvua. Rangi huingia kwa kuchaguliwa. Nywele za Goldie ni za dhahabu na kitanda anachofia ni chekundu, nasi twamhuzunikia. Majambazi wasio na majina wakikatwa, mara nyingi damu yao huruka nyeupe pe, kama tui, wala jicho halishituki. Hila hii watunzi twaijua. Katika Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, watu huanguka vitani kwa mizani minane minane, na sikio hufurahi kabla moyo haujahesabu maiti.

Tena yupo yule mwana wa Seneta Roark, muuaji wa watoto wa kike. Mwili wake mzima ni wa manjano, na hunuka. Ni rahisi kusema kwamba dhambi imemtoka usoni, lakini hadithi yenyewe haisemi hivyo. Hartigan, askari mzee, alimpiga risasi ili kumwokoa mtoto Nancy; baba mtu akalipia tiba ya kumuunda upya mwanawe, na manjano ni matokeo ya tiba hiyo. Hartigan akafungwa miaka minane kwa makosa ya kijana yule. Basi rangi ile si ya dhambi. Ni rangi ya fedha na cheo.

Mwishoni Hartigan amponda kwa mikono mitupu, na damu ya manjano yatapakaa sakafuni. Nilipoitazama nilifurahi, na sidhani kwamba ningefurahi vile lau ingekuwa nyekundu. Kisha mzee huyo ajiua thelujini, akiamini kwamba maadamu yu hai Seneta atamtumia Nancy kumfikia.

Na Seneta je? Katika filamu ya pili, ya mwaka 2014, Nancy ndiye anayemuua. Lakini waliotazama ile ya kwanza walitoka ukumbini wakimwacha hai, mweusi na mweupe kama watu wengine wote wa mji ule, hana hata tone la manjano.