Amani ya Jamaa ni Amani ya Nani?

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake, mambo ya jamaa yanatengenezwa na jamaa. Huku Bukavu tumelelewa na neno hilo. Bibi na bwana wakikosana, ao watoto wa baba mmoja wakigombania parseli, wazee wanaitwa kwanza. Watu wanakaa baraza, kasiksi inaletwa, kila mtu anatoa lake. Anayempeleka ndugu yake tribinali moja kwa moja anasemwa: "Ule ameuzisha jamaa."

Desturi hiyo ina akili. Tribinali inaomba feza, inaomba avoka, inaomba miezi ya kungojea. Mwishoni mmoja anashinda, mwingine anaanguka. Lakini kesho yake wote wawili watachota maji kwa bomba moja na kukutana kwa kilio kimoja. Wazee hawaulizi tu nani alikosa; wanauliza watu hawa wataishi tena namna gani. Hata Sheria ya Jamaa ya tarehe 1/8/1987 inalijua jambo hilo: kabla ya kuvunja ndoa, mwamuzi anapaswa kwanza kujaribu kuwapatanisha bibi na bwana.

Lakini tuulize: amani inayopatikana pale ni ya nani?

Tuchukue mambo ambayo watu wengi wa Kadutu na Bagira wamekwisha kuona. Baba amekufa. Matanga hayajaisha, ndugu zake wanaomba ufunguo wa nyumba. Mama mjane anaitwa mbele ya wazee. Na wazee wale ni nani? Ni kaka wa marehemu, wadogo zake, na rafiki zao. Mama amekaa peke yake pembeni. Anaambiwa kwa sauti ya upole: "Mama, usituletee haya. Itika tu, mambo iishe." Anaitika. Wanapeana mikono, wanakunywa, wanatangaza kwamba jamaa imepatana. Mimi nasema hakuna aliyepatana pale. Kuna mtu amenyamazishwa.

Sheria inasema nini? Watoto wa marehemu, wavulana na wasichana sawasawa, ndio warithi wa kwanza: robo tatu ya mali ni yao. Mjane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana wake.

Wengine watajibu: "Hiyo ni sheria ya Wazungu, sisi tuko na desturi yetu." Vizuri, tuiangalie desturi yenyewe. Zamani, aliyeshika mali ya marehemu alishika pia mzigo wake: mjane apate shamba la kulima, watoto wale na waoe. Mali na deni vilikwenda pamoja. Leo, hapa mjini, baba mdogo anauza parseli kwa dola, anakula feza, watoto wanabaki barabarani. Anayeshika nusu ya desturi, ile nusu yenye faida, hajashika desturi. Ameiiba.

Basi sikatai baraza. Naomba tulipime. Mnyonge awe na watu wake pale, na mama wazee wakae pamoja na baba wazee. Aweze kusema "hapana" bila kufukuzwa. Mapatano yaandikwe, yasomwe kwa lugha anayosikia. Na kuna mambo ambayo wazee hawana ruhusa kuyagusa: msichana akibakwa, mbuzi haimalizi neno. Tangu sheria za tarehe 20/7/2006, kosa hilo halimalizwi kwa kulipa faini.

Watu wengine wanaona tribinali kama adui wa baraza. Mimi naiona kama mlango wa nyuma wa nyumba: wazee wakijua kwamba mjane anaweza kutoka kwa mlango ule, watamsikiliza vizuri zaidi. Tangu M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, kazi ya mahakama za Serikali imevurugika, na mlango ule umekuwa mgumu kufunguka. Kwa hiyo mzigo wa wazee umekuwa mkubwa zaidi, maana aliyeonewa mbele yao hajui tena atalia kwa nani.

Siku tutakapoitwa kupatanisha, tusiulize tu kama kelele zimeisha. Tumtazame aliye mnyonge kuliko wote pale barazani, tujiulize: huyu naye anarudi nyumbani na amani?