Macho Hayana Pazia

Nenda kwenye kibanda chochote cha fundi simu hapa Dar es Salaam, umwombe akufungulie droo. Utakuta simu zimepangwa kama vitabu, na mgongoni mwa kila moja kuna kipande cha selotepu chenye maandishi ya kalamu: jina la mwenye simu, ugonjwa wa simu, bei waliyokubaliana, na mwisho kabisa nywila. Tarakimu nne ambazo mume hazijui, fundi anazijua, na kila anayefungua droo hiyo anazijua.

Nadhani hakuna mahali pengine ambapo tunakabidhi maisha yetu kwa urahisi namna hiyo. Daktari tunamficha mambo, padri na shehe pia. Ila kioo kikipasuka, tunamtajia nywila kijana tusiyemjua hata ukoo wake, tena kwa sauti, watu wamesimama nyuma yetu. Swali langu ni hili: kijana huyo anatudai pesa ya kioo, sawa, lakini sisi tunamdai nini? Kumpa mtu ufunguo ni sawa na kumwambia karibu ndani?

Nimekaa na swali hili tangu likizo ndefu ya chuo, Julai hadi Oktoba. Laptopu yangu ilizima wiki ya mwisho ya mitihani ikakataa kuwaka, ikiwa na rasimu nzima ya utafiti wangu. Pesa ya kuitengeneza sikuwa nayo. Binamu yangu, mwenye kibanda Manzese, akaniambia, "Njoo ukae na mimi hapa, dogo. Nauli na msosi havitakosekana, na hela ya laptopu tutaitafuta humo humo." Basi ikawa hivyo. Asubuhi nachota maji, nanunua LUKU ya mama, napanda daladala, saa tatu nafungua kibanda. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, kuandika selotepu na kusafisha soketi za chaji kwa mswaki na spiriti. Umeme ukikatika tunahamia kwenye benchi la nje, tunakula mihogo na kachumbari, tunasubiri urudi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba fundi hawezi kutokuona. Simu iliyokaa siku mbili bila kioo, ukiifunga kioo kipya inaamka na njaa yake: ujumbe wote wa siku mbili unamiminika kwa mpigo. Mkopo umechelewa. Mtoto amefukuzwa ada. "Nimekumiss." Kliniki inakukumbusha tarehe ya dawa. Hujagusa kitu, na tayari unajua mambo ambayo dada wa mwenye simu hayajui. Siri ya mtungi aijuaye kata, na fundi simu ndiye kata ya mji huu.

Wengi wetu tunaishia hapo kwa msemo wa wahenga: macho hayana pazia. Ni kweli, hayana. Lakini msemo huu tunautumia vibaya, kana kwamba jicho likishaona basi mkono nao umeruhusiwa. Kiswahili chenyewe hakikubali uvivu huo. Kuona si kutazama, kutazama si kuchungulia, na kuchungulia si kupekua. Kuona kunakujia, hayo mengine unayaendea wewe. Macho hayana pazia, ila shingo inageuka.

Binamu yangu hajasoma falsafa, lakini shingo yake inageuka. Simu ikianza kumiminika anailaza kifudifudi mpaka inyamaze. Kamera anaijaribu kwa kupiga picha ya meza, kisha anasubiri mwenyewe aje aifute. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, maana hakuna anayemwona. Akasema, "Kesho akija nitamtazamaje?"

Hapo nikamkumbuka Plato. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Kwa pete hiyo akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Hoja ya Glaucon ni kwamba mwadilifu na mwovu, wote wawili wakipewa pete hiyo, watafanya yale yale. Nywila kwenye selotepu ni pete ya aina hiyo: mwenye simu yuko kazini, mlango wa kibanda umerudishwa, hakuna atakayejua.

Na Glaucon ana ushahidi wa siku hizi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa matokeo ya mtego waliowawekea mafundi. Walipeleka laptopu zenye hitilafu ndogo ya sauti, ndani wakaweka picha na nyaraka za kubuni, pamoja na njia ya kurekodi kila kinachofunguliwa. Katika maduka 6, mafundi walifungua mambo ya watu yasiyohusiana kabisa na sauti. Katika 2 kati ya hayo, walinakili.

Kuna watakaosema, kama huna baya, unaogopa nini? Swali hili limewaumiza wengi. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971, Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Ubaya wa barua ile uko wapi? Haikuandikwa kwa ajili ya macho ya Zakaria, basi. Mambo yetu mengi yako hivyo: deni, ugonjwa, shairi bovu, ugomvi na dada. Si maovu, ila yana watu wake. Wazee wetu waliliita jambo hili sitara, na hawakuwahi kusema kwamba sitara ni ya wezi tu.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria haikai na fundi saa mbili usiku kibandani. Anayekaa naye ni yeye mwenyewe, na mzigo huo wakati mwingine una bei.

Jioni moja alikuja kaka mmoja, nadhifu, mkononi ana simu yenye kava la maua. "Nimesahau paterni. Nifungulie, ila usifute kitu." Binamu akamuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Jamaa akacheka kidogo. "Ni ya mke wangu. Mke wangu na mimi si kitu kimoja?" Akaweka elfu hamsini mezani. Siku hiyo tangu asubuhi tulikuwa tumeingiza elfu kumi na nane.

"Basi njooni wote wawili, kaka. Nitawafungulia hapa hapa, bure."

Jamaa akachukua pesa yake, akasema mafundi ni wengi. Nilibishana na binamu mpaka tunafunga. Nilimwambia pengine mke ana makosa kweli, na mume ana haki ya kujua. Akanijibu, "Mimi nina vifaa vya simu. Vya ndoa sina." Nilicheka, lakini jibu lile lina uzito. Aliyekabidhi amana ndiye mwenye kuirudisha wazi. Fundi akiifungua kwa ajili ya mwingine, hata kwa nia njema, amejipa uhakimu ambao hakuna aliyemwomba. Mpaka wa jambo hili naujua: ukiona bila kutafuta kwamba mtoto anaumizwa, hapo ukimya si sitara tena, ni ushirika. Lakini mpaka huo usigeuzwe kisingizio cha kwenda kuutafuta.

Mwezi Septemba nilipata ya laptopu, nikaipeleka kwa fundi wa mabodi Kariakoo. Nilikuwa nimeshaanza kumtajia nywila akanikatisha. Akageuza laptopu, akafungua skrubu, akachomoa diski, akanipa mkononi. "Kaa nayo. Mimi nina shida na bodi, barua zako za nini?" Nilisimama pale na utafiti wangu kiganjani, mwepesi kuliko daftari, na nikaona kitu ambacho hoja ya Glaucon haikukigusa. Glaucon anauliza kama mtu mwema ataweza kuivaa pete bila kuitumia. Fundi yule hakutaka kujipima. Aliirudisha pete kabla hajaivaa. Adabu ya kazi huanzia hapo, kuomba kidogo kuliko unachoweza kupewa. Siku hizi hata baadhi ya simu zina hali ya matengenezo, inayomruhusu fundi kujaribu kioo na spika bila kufika kwenye picha na ujumbe. Ni vizuri kuijua, na mwenye simu akiiwasha hajamtukana mtu.

Kuna moja tu halijanikalia sawa. Alikuja mama mmoja na simu ya mwanawe aliyefariki kwa ajali ya bodaboda. Alitaka picha, na zaidi alitaka sauti yake. Binamu hakumdanganya. "Mama, nikiivunja nywila itawaka, lakini itakuwa tupu kama imetoka dukani." Ila memori kadi ilikuwemo, na kadi haikuwa na kufuli. Akaichomeka kwenye kompyuta ya kibanda, akaigeuzia skrini upande wa mama, akanishika bega tukatoka nje. Wateja walisubiri nusu saa. Mama alipotoka alibeba kadi, na simu ikiwa bado imefungwa. Alisema, "Acha ikae hivyo. Alichokifunga, kafunga."

Marehemu hakuulizwa. Mama anarithi nguo za mwanawe, anarithi hata deni. Sina hakika kama anarithi siri zake. Inawezekana kwenye kadi ile kulikuwa na picha ambazo kijana asingependa mama azione, na fundi ndiye aliyezifungua. Bado naona alitenda sawa, kwa sababu alichofungua ni kile ambacho marehemu hakukifunga, na yeye mwenyewe hakubaki kutazama. Lakini nasema "naona" kwa sauti ya chini. Amana ya aliye hai ina mwisho: anakuja, analipa, anaondoka nayo. Ya marehemu haina wa kuidai, na labda ndiyo maana inampima fundi kuliko zote.